Mwenye Bucha Aliyemwaga Maji ya Maharage

Baba yetu,

Mwaka umezunguka ukatimia tangu asubuhi ile uliponyoa ndevu, ukavaa shati lako la mistari, ukakaa kwenye kiti cha dirishani kusubiri chai. Chai ilipofika ilikuta umeshaondoka. Mama hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akakushika mkono wa kushoto, akabonyeza kidole pale penye mshipa uliokuwa ukinguruma mchana na usiku, akasema, "Pamenyamaza." Kisha akakaa nawe, chai ikapoa, na sisi tukaanza kufika mmoja mmoja.

Maneno haya ameachiwa Kasuku ayaandike. Kaka mkubwa alijaribu, lakini kila akifika penye neno "Baba" alinyanyuka kwenda kuangalia kama bucha imefungwa, na ilikuwa imefungwa. Mama alisema ya kwake anayasema jikoni, hana haja ya kuyapeleka gazetini. Akabaki binti yako wa kati, uliyemwita Kasuku kwa sababu alianza kusema kabla hajatambaa na mpaka leo hajanyamaza. Akitia chumvi mahali, mvumilie. Wewe ndiye uliyekatazwa chumvi, siyo yeye.

Wasiokujua wajue kwanza kwamba ulikuwa mwenye bucha, na bucha ilikuwa wewe. Gogo lako la kukatia ulilisugua kila jioni hadi likafanya bonde katikati. Mzani hukuwahi kuukandamiza kwa kidole. Mteja akija kununua nusu kilo alipewa na maneno kilo mbili, hadithi za mtaa mzima, na akitaka kuondoka bila kucheka ulimrudisha. Alikuwapo yule mama mjane aliyekuja kununua mifupa ya supu. Ulimfungia mifupa yenye mnofu wa kutosha watu wanne, kisha ukajifanya kushtuka: "Lo! Kisu kimeteleza, mama, nisamehe." Kisu chako kiliteleza sana, Baba, hasa mbele ya watu wenye watoto wengi.

Nyumbani kwetu nyama ilikuwa ndiyo heshima. Mgeni hakuondoka bila kuila, mgonjwa alipelekewa supu yake, mtoto aliyefaulu mtihani alikatiwa steki. Majani yalipikwa, ndiyo, ila ulisema hayo ni ya kupambia sahani.

Kisha figo zako zikagoma. Daktari alisema zimechoka, ukamuuliza zimechoka na nini wakati anayesimama kutwa ni wewe. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akatueleza habari za mashine ya kusafisha damu.

Siku ya kwanza tulikwenda wote, tumejipanga kama tunakwenda kuposa. Kile chumba hatutakisahau. Viti vya kuegemea vimepangwa ukutani, kila kiti na mtu wake, kila mtu na blanketi lake, na pembeni mashine inayozungusha gurudumu dogo polepole. Tukaiona damu yako ikitoka kwenye mkono wako, ikaingia kwenye mrija, ikazunguka, ikapita kwenye chujio, ikarudi mkononi. Imesafishwa, imerudishwa kwa mwenyewe. Mama alijishika kifua. Kasuku, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikosa neno. Wewe ndiye uliyesema, na ulisema kwa sauti ya chini kabisa:

"Damu nimeiona tangu nina meno ya utoto. Sijawahi kuiona ikirudi."

Hata leo tukiyakumbuka hayo maneno nywele zinatusimama.

Mashine ilifanya kazi yake. Kilichotushinda ni sahani. Ulipoanza matibabu tuliambiwa tuogope madini yanayoitwa potasiamu, kwamba figo zikigoma madini hayo hujaa kwenye damu na moyo unaweza kusimama ghafla. Na hayo madini yamo kwenye maharage, kwenye majani, kwenye matunda, karibu kila kinachoota. Tukaviondoa vyote. Ukabaki wali mweupe na nyama, na sisi tukasema afadhali, nyama tunayo, hapo hatupungukiwi. Kaka alikuwa anakuchagulia sarara, ule mnofu laini wa mgongoni, nzuri kuliko zote, Mama anaichemsha hadi inalainika kama mkate. Sahani ilirudi nyeupe. Tukasema mzee anakula, Mungu mkubwa.

Lakini ulikuwa unakwisha. Mkanda uliutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. Pete ya ndoa ilikuvuka kidoleni pale bucha ikaingia kwenye nyama ya kusaga bila wewe kujua, na mteja akairudisha kesho yake akisema mumewe nusura avunjike jino. Ulicheka hadi ukashika gogo. Lakini tangu siku hiyo pete uliining'iniza shingoni kwa kamba, na hakuna aliyecheka tena. Mama alianza kukuogesha, na alituambia mbavu zako anazihesabu kwa sabuni.

Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema. Wewe ulifichuliwa na mbwa. Mbwa wa jirani, Baba! Yule aliyekuwa mwembamba kama ufagio, ghafla akanenepa, akawa anatembea kwa madaha, na kila ukitokeza dirishani anasimama kwa miguu ya nyuma kukuamkia. Mama alisimama mlangoni akakutazama wewe, akamtazama mbwa.

"Baba watoto," alisema, "huyu mbwa mmefahamiana lini?"

Ukainamisha kichwa. Ndipo ukatuambia ukweli uliokuwa unakuonea aibu: nyama ilikuwa haikupiti kooni. Tangu ugonjwa ushike, mdomoni ilikuwa na ladha ya chuma, na harufu yake tu ilikuinua tumbo. Mwenye bucha, mtoto wa mwenye bucha, ungemwambia nani? Mkeo amesimama jikoni nusu siku kwa ajili yako, mwanao amekuchagulia kipande bora, ungeanzaje? Ukaona heri mbwa ale kuliko sisi tuumie.

"Nilidhani itarudi tu," ulisema. "Ladha. Nilidhani itarudi."

Kliniki daktari hakutuficha. Alisema mwili unapokosa chakula huanza kujila wenyewe, na ukiendelea hivyo hata mashine hutaiweza, maana tayari presha ilikuwa inakushuka ukiwa kitini na wauguzi wanakimbilia kukulaza. Tulipokuwa tunarudi, wewe ukamwambia Mama maneno ambayo hakutuambia sisi hadi baadaye sana: "Bosi, nikishindwa kula, msinilazimishe mashine. Mniache." Mama alikujibu ufunge dirisha, upepo unaingia.

Siku ya mashine iliyofuata, ukiwa kitini, ndipo akaingia mtaalamu wa lishe, binti mfupi mwenye miwani na viatu vya raba, ambaye wewe ulimbatiza Bi Dengu siku hiyo hiyo. Alivuta kiti akakaa mbele yako, siyo mbele yetu.

"Mzee, nyama tuiache kwanza," alisema. "Kitu gani ukikifikiria mate yanakutoka?"

"Maharage," ulisema. "Mama yangu alikuwa anapika maharage."

Kaka akaruka. "Si yamekatazwa? Halafu, dada, samahani, huyu ni mwenye bucha. Watu wakisikia anakula maharage watasema nini?"

Bi Dengu alimweleza taratibu. Alisema walioogopa maharage hawakuogopa bure, ila sasa kuna njia ya kuyala kwa akili kwa mgonjwa kama wewe, anayekwisha na nyama haimpiti. Kwenye maharage na dengu mna vya kujenga mwili, kwenye majani mna vya kulainisha tumbo lililokuwa linakutesa, na madini mabaya mengi yanatoka kwa kuloweka na kuchemsha kwenye maji mengi, unamwaga, unachemsha tena. Kiasi atapanga yeye. Yai hakulikataza. Na damu itapimwa, itapimwa tena, maana kila mwili una yake. "Na asije mtu akajaribu hivi nyumbani kwake bila kupimwa," alisema, akimkazia macho Kaka kama vile Kaka ndiye mtaa mzima.

Kaka bado alikuwa amekunja uso. Wewe ulikuwa umefumba macho, tukadhani umelala.

"Wewe kijana," ulisema bila kuyafumbua. "Ng'ombe anakula nini?"

"Majani, Baba."

"Na yale mapaja unayoshindwa kuyabeba aliyatoa wapi?"

Kaka akakunjua uso.

"Basi miaka yote hii nimekuwa nauza majani," ulisema. "Ila yalipitia kwa ng'ombe kwanza."

Chumba kizima kilicheka, hadi mgonjwa wa kiti cha pili akaambiwa atulize mkono, sindano itatoka. Lakini wewe hukucheka. Ulifumbua macho ukatazama dari kama mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa mno. Ulikaa mbele ya gogo lile maisha yako yote na hukuwahi kuliona hilo. Sisi pia hatukuwahi.

Sahani ya kwanza ilikuwa maharage machache, kabichi iliyolainika na wali. Mama alikuletea akabaki amesimama na kanga mdomoni. Ulitia kijiko, ukatafuna, ukameza. Ukatia kingine. Mbwa alikuja dirishani akakusubiri, akasubiri, mwisho akajilalia. Ulipofuta sahani kwa kidole ukauliza, "Yapo mengine?" Mama alikimbilia nyuma ya mlango akalia, nasi tukajifanya hatujamwona.

Mambo yakaanza kunyooka. Uliacha kulala mchana. Ulirudia kumtania kila mtu. Kisha siku moja majibu ya damu yakatoka, na simu ikapigwa pale bucha uletwe mara moja: potasiamu imepanda vibaya. Ulifungwa nyaya kifuani, ukakalishwa kwenye mashine muda mrefu kuliko kawaida yako, na wauguzi hawakuwa wanatania. Mama alisimama mlangoni hana rangi. Jioni daktari akasema ni maharage, na maharage basi, turudi kwenye wali na nyama.

Ukageuza uso ukutani. "Kama maharage basi," ulisema, "na mimi basi."

Hapo tulijua unasema kweli. Tuliokuwa tunakujua kwa utani tulijua pia sauti yako isiyo na utani, na ilikuwa ni hiyo. Kaka alitoka nje. Kasuku alikaa akakushika miguu, miguu mikavu na baridi, akaona ndiyo hivyo, tumeshakupoteza na bado unapumua.

Aliyekataa ni Bi Dengu. Alimwomba daktari ampe nafasi kidogo, akamvuta Mama benchi la nje, akamwambia, "Mama, hebu nieleze unavyopika. Toka mwanzo, kama unamfundisha mkweo."

Mama kwa mapishi humwambii kitu. Alifuta machozi akaanza: anachambua, anaosha, analoweka usiku kucha, anamwaga yale ya kulowekea. Anachemsha kwenye sufuria kubwa, maji mengi, kama alivyoagizwa. Yakichemka anayachuja, anaweka maji mengine, anachemsha tena hadi yaive. Kabichi vivyo hivyo.

"Safi kabisa," alisema Bi Dengu. "Na yale maji uliyochuja?"

"Nayaweka pembeni," alisema Mama, tena kwa fahari. "Napikia wali wake. Utamu wote si umo mule?"

Kasuku alikuwapo. Bi Dengu alivua miwani akaifuta. Ikabidi Mama ajisikie mwenyewe alichosema. Kwa mama yake mzazi maji ya mboga hayakuwahi kumwagwa. Mtoto aliyeyamwaga alipigwa. Alilelewa akiambiwa nguvu zimo kwenye maji, makapi ndiyo hayo unayotafuna. Akaagizwa amwage, na mkono ukakataa. Akaona kumwaga nguvu wakati mumewe hana nguvu ni wendawazimu, basi kwa mapenzi yake akakurudishia kila kilichotolewa.

Aliingia mle chumbani akaanguka magotini kando ya kiti chako. "Ni mimi," alisema. "Baba watoto, ni mimi, nusura nikuue kwa mkono wangu. Na maji yakimwagika hayazoleki."

Ulimgeukia. Tangu ugeuze uso ukutani hukuwa umemgeukia mtu.

"Tatizo lako, Bosi," ulisema, "wewe unayazoa."

Ewe Baba! Na nyaya zako kifuani. Mama alicheka huku analia, muuguzi akaja kuuliza kuna nini, Bi Dengu akawa anasema kosa ni lake, aliagiza maji yamwagwe bila kusema yanabeba nini. Daktari alisikiliza, akakuna kichwa, akasema haya, mjaribu tena, na damu ipimwe kila wiki mpaka aridhike. Wewe ukaweka sharti moja mbele ya wote: kuanzia siku hiyo, mwagaji ni wewe.

Na ukamwaga. Maharage yakichemka Mama anakuita, unakuja na matambara mawili, unaiegemeza sufuria kwenye ukingo wa karo la kuoshea vyombo. Mvuke unakufunika uso. Mama anageukia ukuta, maana kuangalia hawezi. Maji mekundu yanakwenda zake, nawe unayapungia tambara: "Safari njema." Kila siku. "Safari njema." Mjukuu wako, yule tunayemwita Swali, alikuuliza yanakwenda wapi. Ulimwambia yanakwenda kwa wenye figo nzima.

Damu ikapimwa, ikakaa sawa. Ikapimwa tena, ikakaa sawa. Na mwili, Baba, mwili ukarudi! Hatujui tulisemeje. Tulikuwa tunakutazama mezani kama watu wanaotazama mbegu waliyoipanda. Kwanza mashavu. Kisha shingo ikajaa kola. Yale matundu ya msumari kwenye mkanda ukayaaga moja baada ya jingine. Maharage tu na dengu na kabichi na yai, vitu ambavyo tulikuwa tunavipita sokoni bila kuvisalimia, vikawa nyama juu ya mifupa yako. Asubuhi moja ulikata ile kamba shingoni, ukavaa pete, ukatingisha mkono kwa nguvu juu ya meza. Pete haikutoka. Ulitunyooshea kidole mmoja mmoja tukijaribu kuivuta, na Mama alipofika zamu yake hakuivuta, aliufunika mkono wako kwa mikono yake yote miwili.

Ukarudi bucha, siku zisizo za mashine. Huli nyama lakini unaikata, na mkono haujasahau. Wateja wakaanza: "Mwenye bucha anakula majani!" Nawe ukawapa somo la ng'ombe, kila mmoja kwa zamu yake, hadi Kaka akalalamika kwamba unawapeleka wateja kwa muuza dengu. Ulipobanwa sana ulisema kisu kimeteleza.

Na jioni Swali alikuwa analaza sikio kwenye mkono wako wa kushoto, pale mshipa uliounganishwa kwa ajili ya sindano za mashine ulipokuwa unanguruma kama friji ya bucha. "Babu, ndani kuna nini?" Ulimwambia ndani kuna watu wanafanya kazi, asiwasumbue. Alikuwa anaondoka kwa kunyata.

Figo hazikupona, hilo tunalijua, na moyo wako ulikuwa umebeba mengi. Ulipoondoka ulikuwa umenyoa, umeshiba, pete kidoleni. Tuliokuosha tulikuona: ulikuwa mtu mzima mwenye mwili wake. Huko nyuma tulikuwa tumejiandaa kuzika mifupa. Hili tunalishukuru.

Wanaokukumbuka ni kifunguamimba wako, ambaye kisu kimeanza kumteleza naye mbele ya wajane. Kasuku wako, aliyesema yote haya na bado ana mengine. Swali, anayelaza sikio kwenye mkono wa kila mtu mzima na kusema humu hamna watu. Bi Dengu, asiye damu yetu lakini damu yako aliijua kuliko sisi. Na mbwa wa jirani, aliyerudia wembamba wake na bado anapita dirishani. Na mkeo, Bosi wako.

Yeye tumemwacha mwisho kwa sababu yuko jikoni hivi sasa, maharage yanachemka. Kaka alimwambia juzi, kwa upole, "Mama, sasa humu hamna mgonjwa. Unaweza kuyaacha maji yake." Mama alimtazama kama mtu asiye na adabu. Akachukua matambara yako mawili, akaiegemeza sufuria kwenye karo, yeye ambaye ulipokuwa hai hakuwahi kumwaga tone la maji ya kuchemshia, akaiinamisha mpaka mwisho, hakugeukia ukuta. Mvuke ukamfunika uso. Tukamsikia anasema polepole, na hakuwa anayaambia maji:

"Safari njema."

Kila yanapomwagwa, Baba, tunakukumbuka. Na yanamwagwa kila siku.